Kigeuzi Kinachojikwaa

Mkuu wa kituo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akishaamua, hasikii tena. Saa tatu asubuhi alimwita Inspekta ofisini, akalisukuma jalada juu ya meza kwa kidole kimoja kama mtu anayekataa sahani ya chakula kilichochacha.

"Saa nane mchana hili liwe kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Fundi ndiye aliyeua. Tumemaliza."

"Hatujamaliza, afande."

"Wewe hujamaliza. Sisi tumemaliza."

Inspekta hakuligusa jalada. Kituoni walimwita Kigingi, na yeye alijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake ila Koplo wake, tena akiwa amekasirika. Mwanamke huyu akishajipigilia mahali, hata ulete ng'ombe wawili wamvute, mtachoka wewe na ng'ombe wako.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumanne, kati ya saa nane na saa tisa mchana, mwenye studio ya muziki alipigwa kisogoni kwa stendi ya chuma, ndani ya stoo iliyo uani mwa studio yake. Saa nane kamili alizungumza na mkewe kwa simu. Saa tisa mke huyohuyo alifika, akamkuta chini, amekwisha kukata roho. Kilichopotea ni kitu kimoja tu: kigeuzi, kisanduku cha bati chenye upana wa vidole vinne, alichokuwa amekinunua kwa mwanamke mmoja fundi wa sintesaiza, ile mitambo ya muziki inayojaza ukuta mzima kwa waya na nobu za kuzungusha. Na wiki moja kabla ya kifo, fundi huyo alimwambia marehemu mbele ya watu sita: "Nitakuja kukichukua, hata iweje."

Watu sita, maneno yaleyale. Mkuu hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Na Vidole je?" aliuliza Kigingi.

Vidole alikuwa mdogo wake marehemu, mpiga sintesaiza aliyejijengea jina kwa majigambo ya aina moja: mkono mtupu, kompyuta haijawahi kugusa muziki wake.

"Vidole alikuwa chumba cha mbele, anapiga. Kanda ya saa nzima ipo, haina mkato. Kinyozi wa jirani aliusikia muziki ule kupitia ukutani, tangu kabla ya saa nane mpaka mama wa watu alipopiga mayowe. Nobu hazijizungushi zenyewe, Inspekta."

"Hilo ndilo ninalotaka kulihakikisha."

"Kahakikishe nyumbani kwako!" Mkuu akachomoa karatasi kwenye droo. "Mpelekee fundi hii. Akiri kuua bila kukusudia, apunguziwe miaka. Mwambie ni bahati yake ya mwisho."

"Nitampelekea karatasi," alisema Kigingi. Akatoka, na njiani akachukua karatasi nyingine nyeupe kwenye meza ya karani.

Fundi alikuwa ameketi chumba cha mahojiano, mikono yake yenye makovu madogo ya lehemu ameipakata mapajani. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemkondesha mashavu, lakini ulimi ulikuwa na afya tele.

"Mmeniletea tena ile ya kukiri?"

"Ametuma Mkuu," alisema Kigingi. "Nimeshaifikisha. Kazi yangu imeishia hapo."

Fundi akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne kwa utaratibu, akainama, akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza iliyokuwa ikiyumba tangu Kigingi ahamie kituo kile ikatulia. "Angalau imefaa kitu," alisema. "Sikiri nisichokifanya, afande. Mnifunge, mnifungue, jibu ni hilohilo."

Kigingi akavuta kiti. Moyoni alimpenda mwanamke huyu, na akajikemea, kwa sababu mpelelezi akishampenda mtu huanza kuacha kuuliza. "Nieleze ule ugomvi wenu. Wote. Na umweleze Koplo, mimi nitasikiliza."

Koplo, mtu mnene mwenye daftari, akaguna. "Hicho kigeuzi kinageuza nini? Ni kama zile televisheni, analojia kwenda dijitali?"

"Hapa ni kinyume, kaka yangu. Dijitali inarudi kuwa analojia. Kompyuta inatoa namba. Sintesaiza haijui namba, inajua volti tu: volti zikipanda, sauti inapanda. Kigeuzi ndiye mkalimani wao." Akainua kiganja, akakipandisha polepole hewani. "Mkono ukizungusha nobu, volti zinapanda kama mtu anayepanda kilima. Hakuna mkato. Kompyuta haijui kilima, inajua ngazi. Kigeuzi changu kina ngazi ya hatua mia mbili hamsini na sita."

"Hizo hatua zinasikika?"

"Zinasikika. Ila mjanja anaweka chujio la kuzilainisha, ngazi inageuka kilima, husikii kitu. Isipokuwa kwenye hiki changu." Ilionekana wazi kwamba kinachofuata kilimuuma kuliko mahabusu. "Ndani kuna swichi nane. Chukua kama wapagazi wanane, kila mmoja anabeba mara mbili ya aliyemtangulia. Ukifika katikati kabisa ya ngazi, wale saba wadogo wanatua mizigo yao kwa pamoja, yule mkubwa anapokea peke yake. Anatakiwa awazidi wote saba kwa hatua moja. Wangu hawazidi. Rezista sahihi, kile kidude cha kupunguza umeme, ilikuwa imeniishia, nikatia iliyokaribiana nayo, nikasema nani atajua? Basi sauti ikipanda ikifika pale katikati, inarudi nyuma kidogo, halafu ndiyo inaendelea. Inajikwaa. Hilo chujio halifichi, kwa sababu si ukali wa ngazi, ni kurudi nyuma kwenyewe."

"Na marehemu aligundua," alisema Kigingi.

"Akaja kunicheka mbele za watu. 'Fundi, kifaa chako kinachechemea.' Nikamwambia kirudishe, nitakitengeneza bure. Akasema hawezi, kuna mtu hataki kuachana nacho. Mtu gani, hakusema. Hapo ndipo nikasema nitakuja kukichukua, hata iweje. Kazi mbovu yenye alama yangu izunguke mjini? Nilimaanisha, afande. Na mpaka sasa namaanisha."

"Wakili wako angetamani unyamaze."

"Mficha uchi hazai."

Kigingi akautazama ule mguu wa meza. Kuna mtu hataki kuachana nacho. Halafu akauliza swali ambalo lilimfanya Koplo ainue kichwa. "Ile kanda ya Vidole umeisikia?"

"Niisikie wapi? Mkuu wenu alisema mtuhumiwa si mtaalamu."

"Vizuri sana. Usiisikie." Akamsogezea ile karatasi nyeupe. "Andika hapa. Muziki uliopita kwenye kigeuzi chako utakuwaje? Wapi utajikwaa, na wapi hautajikwaa. Andika kama mtu atakayeshikwa kwa kila neno."

Fundi aliandika mistari minne, akairudisha. Kigingi hakuisoma kwa sauti. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga, wakatia sahihi watatu juu ya mfuniko, na Koplo akaandika saa: nne na dakika kumi asubuhi.

Walipofika chumba cha vielelezo, Koplo hakuweza kujizuia. "Na ikiwa ameandika uongo?"

"Kanda itamuumbua. Ndiyo maana nimemfungia mlango kabla hajaisikia."

Waliisikiliza kwenye mashine ya kanda iliyokuwa na vumbi la miaka. Ulikuwa muziki wa sauti ndefu, unaopanda taratibu na kushuka taratibu, na Kigingi, ambaye sikio lake la muziki lilikuwa sawa na la kiatu, aliona umefanana wote. Bahati nzuri Koplo alikuwa akiimba besi kwenye kwaya miaka kumi na tano. Dakika ya pili alikunja uso. Dakika ya nne akaacha kuandika.

"Inarudi nyuma," alisema.

"Wapi?"

"Hapo. Rudisha. Hapo! Inapanda, inajikwaa, inaendelea."

"Kila ikijikwaa, niandikie dakika na sekunde. Na uniimbie noti."

Koplo aliandika na kuimba saa nzima, mpaka askari wa zamu akachungulia kuona nani anateswa. Sauti ilipita katikati ikipanda mara kumi na saba, ikashuka mara kumi na sita. Mara zote thelathini na tatu ilijikwaa. Ikipanda inarudi nyuma, ikishuka inaruka juu. Pengine popote haikujikwaa.

"Labda ni uchafu kwenye utepe," alisema Koplo, akijifuta jasho.

"Uchafu ungeangukia noti yoyote. Angalia saa zako: dakika mbili na kumi, tatu na arobaini, tatu na hamsini na mbili, tisa na tano. Hazina mpangilio. Lakini noti je?"

Koplo akaiimba tena, polepole. "Ileile."

"Uchafu hausomi noti." Hata hivyo akaazima mashine nyingine, wakajaribu vipande sita. Ilijikwaa palepale. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

"Basi tumempata," alisema Koplo.

"Bado. Huenda ni mtambo wa Vidole wenyewe unaojikwaa, hata kwa mkono. Wakili mwenye akili atasema hivyo kabla hujaketi. Twende tukausikie."

Kabla ya kuingia studio, Kigingi alisimama kwa kinyozi. Kibanda chake kilichangia ukuta mmoja na chumba cha mbele cha studio, na kioo chake kikubwa kilining'inia kwenye ukuta huohuo.

"Dada yangu, nimeshaandika maelezo mara mbili," alisema kinyozi bila kuacha kunyoa. "Muziki ulilia saa nzima. Sikuongeza, sikupunguza."

"Siulizi muziki. Siku nyingine Vidole akipiga, unasikia nini zaidi?"

"Mguu! Yule bwana akipiga anakita mguu kama anaua mende. Kioo kinatikisika, mimi nasubiri. Wateja wawili nimewakata kwa ajili yake."

"Na Jumanne?"

Mkasi ukasimama. Kinyozi akakitazama kioo chake kama kimemficha jambo. "Jumanne kioo kilitulia," alisema polepole. "Nilinyoa watu watatu bila kusubiri. Tena nikamshukuru Mungu."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza nilichosikia, dada. Hamkuniuliza nisichosikia."

Kigingi alikubali aibu hiyo, kwa sababu ilikuwa yake. Aliyemhoji kinyozi mara ya kwanza ni yeye mwenyewe.

Vidole aliwapokea mlangoni, chini ya bango la onyesho lake la Jumamosi, shati jeusi limepigwa pasi, sauti ya mfiwa. "Kaka yangu hana hata wiki kaburini, na nyinyi mnakuja kunihesabu vidole?"

"Pole sana," alisema Kigingi. "Hatutakuchelewesha. Ni jambo dogo la heshima yako tu."

Ukuta mzima ulikuwa mtambo: moduli, visanduku vyake vidogo, zimepangwa kwa safu, waya za rangi zimening'inia, taa ndogo zinakonyeza. Pembeni zilisimama spika mbili kubwa. Kigingi alitembeza macho bila haraka. Safu ya pili kulikuwa na nafasi iliyofunikwa kwa bati jeusi tupu, upana wa vidole vinne. Skrubu zote za mtambo zilikuwa zimefubaa. Nne za bati lile ziling'aa.

"Hapa?"

"Nafasi ya moduli itakayokuja," alisema Vidole upesi.

"Sawa. Sasa, mimi muziki siujui. Lakini kuna watu wanasema mtambo wako una kasoro. Kwamba sauti ikipanda inajikwaa."

Ilikuwa kama amemtukania mama. "Nani? Yule muuaji wenu wa lehemu? Mtambo huu haujikwai!"

"Mimi nasikia tu, bwana. Labda ni mkono."

"Mkono?" Vidole akacheka kwa hasira, akawasha spika. "Njoo hapa. Koplo, njoo na wewe. Sikilizeni mkono."

Akashika nobu kubwa, akafumba macho, akaanza. Lazima isemwe kweli: mtu yule alijua kupiga. Sauti ilipanda kutoka chini kabisa hadi juu kama mafuta yanayomiminwa, ikapita katikati bila kutikisika, ikashuka vilevile. Mguu wake wa kulia ukaanza kukita sakafuni. Upande wa pili wa ukuta kitu kikaanguka kwa kishindo, kikafuatiwa na matusi ya kinyozi. Koplo alihesabu kwa vidole mgongoni: mara kumi kupanda, mara kumi kushuka. Haikujikwaa hata mara moja. Kigingi yeye aliona jambo jingine. Sauti yote ilitoka spika ya kulia. Ya kushoto ilikuwa bubu.

"Mmesikia?" alisema Vidole, jasho usoni.

"Tumesikia. Ndivyo ulivyokuwa Jumanne?"

"Vilevile. Haujaongezwa kitu, haujapunguzwa kitu."

"Na kanda yote ni mkono wako?"

"Kila sekunde."

"Tuandikie hayo, tafadhali. Ili hao wasemaji wafunge midomo."

Vidole aliandika kwa herufi kubwa za majivuno, akatia sahihi, akaongeza bila kuombwa: kompyuta haijawahi kugusa mtambo huu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa akichimba kwa sururu mbili.

Kigingi aliukausha wino kwa pumzi, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ndipo akamwambia Koplo aweke ile kanda. Wakasikiliza mpaka dakika ya tano. Sauti ilijikwaa mara tatu, na kila mara uso wa Vidole ulisinyaa kidogo.

"Ni utepe," alisema.

"Tumeujaribu kwenye mashine mbili."

"Basi ni mtambo."

"Mtambo haujikwai. Umetuonyesha mara ishirini, ukaandika." Akaifungua ile bahasha, baada ya kumwonyesha sahihi na saa. "'Ikipanda, itarudi nyuma katikati. Ikishuka, itaruka juu palepale. Ni kila mara, na si pengine popote. Hiyo ni kasoro yangu na hakuna mwingine aliye nayo.' Ameandika mtu ambaye hajaisikia kanda yako. Kompyuta ilipiga kupitia kigeuzi chake, na wewe hukuwemo humu ndani. Jirani yako pia anashangaa. Jumanne kioo chake kilitulia."

Vidole alinyanyua kidevu. Unyonge wa mfiwa ulikuwa umeanguka wote, akabaki mtu mwenyewe. "Sauti haishikiki. Kigeuzi kiko wapi? Nionyesheni, au mtoke kwangu."

"Kukitupa ungeweza Jumanne ileile. Ila Jumamosi una onyesho, na nusu ya nyimbo zako mkono hauwezi kuzipiga. Ndiyo maana kaka yako alisema kuna mtu hataki kuachana nacho." Kigingi alisogea kwenye spika ya kushoto, akapitisha kidole kwenye skrubu za mgongoni. Ziling'aa, nazo. "Koplo, bisibisi. Bwana huyu akificha kitu hukumbuka kukaza, ila husahau kurudisha waya."

Kisanduku cha bati kilikuwa humo, kimefungwa kwenye fulana, kimeung'oa waya wa spika. Ubavuni kilikuwa na alama ya Fundi.

"Kaka alitaka kuandika kwenye albamu kwamba kompyuta ilisaidia," alisema Vidole. Sauti yake ilitetemeka kwa hasira, si kwa majuto, na hilo lilimchukiza Kigingi kuliko uongo wote wa asubuhi ile. "Miaka kumi najenga jina, yeye alifute kwa mstari mmoja! Nani angemsikiliza tena Vidole?"

"Thelathini na tatu," alisema Koplo, akimtia pingu. "Mimi nimekusikiliza mara thelathini na tatu."

Saa nane kasoro dakika kumi Kigingi aliliweka jalada mezani kwa Mkuu, na juu yake akaweka kigeuzi. Mkuu alisoma, akapumua, akasoma tena.

"Nilikuambia umpe karatasi ya kukiri."

"Nilimpa, afande. Ameitumia vizuri. Meza ya mahojiano haiyumbi tena."

Mkuu alikisukuma kigeuzi pembeni kwa kidole kimoja. Halafu akatia sahihi hati ya kumwachia Fundi, kwa kalamu iliyokwaruza kama inayolazimishwa.

Fundi alisomewa hati hiyo amesimama. Hakulia, hakushukuru. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku mikononi mwa Kigingi, naye akanyoosha mkono.

"Hapana," alisema Kigingi. "Hiki sasa ni kielelezo. Kitapigwa mahakamani, mbele ya hakimu, kijikwae watu wote wasikie. Kikitengenezwa, kesi imekufa."

"Mahakama nzima isikie kazi yangu mbovu?"

"Ndiyo iliyokutoa ndani. Kujikwaa si kuanguka, dada, ni kwenda mbele."

Fundi alikitazama kile kifaa kama mama anayemtazama mwanawe aliyemtia aibu ukweni, kisha akaokota mfuko wake. Mlangoni aligeuka.

"Hukumu ikishatoka," alisema, "nitakuja kukichukua, hata iweje."

Koplo, kalamu mkononi, alimtazama Inspekta. "Afande, hiyo niiandike?"

"Iandike," alisema Kigingi. "Na safari hii, andika anakwenda kukitengeneza."